Uwanja Unaopigiwa Hodi

Zamani, kabla watu wa Lubena hawajawa na cha kujivunia mbele ya miji mingine ya Ulaya, uwanja wao mkubwa ulikuwa tope tupu. Theluji ikiyeyuka, ng'ombe walizama hadi magotini. Jua likiwaka, vumbi lilipanda mpaka madirisha ya kanisa. Lakini tope lile lilikuwa la watu. Hapo waliuza na kununua, hapo waliozesha mabinti zao, hapo waligombana na kupatana, na hakuna aliyewahi kuomba ruhusa ya mtu ili asimame hapo.

Siku hizo kila nyumba, hata kibanda cha maskini, ilikuwa na kizingiti cha jiwe mlangoni, nalo jiwe hilo halikuwa la urembo. Sheria ya Lubena ilisema kwamba mtawala na askari wake hawavuki kizingiti cha mtu mpaka wapige hodi na wakaribishwe. Kila mtawala mpya aliapa hivyo siku ya kutawazwa, mkono juu ya Biblia, watu wote wakishuhudia, na akikiuka hakuwa mtawala tena. Nyumba isiyo na kizingiti haikulindwa na kiapo hicho. Ndiyo maana watu wa huko walipojenga walianza na kizingiti, kuta zikafuata.

Basi akatawazwa Vendelin, kijana mwenye farasi mia mbili na hamu ya wengine mia mbili. Alipoutazama uwanja hakuona soko, aliona mahali pa zizi. Akatuma mpiga mbiu atangaze kwamba baada ya siku tatu uwanja utazungushiwa ukuta, na wenye biashara zao watafute pa kwenda.

Dorota, mjane aliyeuza kabichi uwanjani, aliisikia mbiu hiyo akiwa na kisu mkononi, akichambua majani yaliyooza. Kabichi hizo ndizo zilizomlea yeye na wanawe wanne, wala hakuwa na pengine pa kuziuzia. Alikuwa mwanamke mkavu wa maneno na, tuseme ukweli, mwenye kiburi chake. Hata padri hakuwahi kupunguziwa bei. Siku mbili watu walinung'unika. Wakatuma wazee ngomeni, wazee wakarudishwa getini bila hata kupewa maji. Dorota hakunung'unika. Asubuhi ya siku ya tatu alikwenda kwa jirani yake Henek, aliyekuwa mwashi.

"Henek, chukua mtaimbo wako uje uning'olee kizingiti."

Henek alidhani mama wa watu amechanganyikiwa. "Mama Dorota, ukiking'oa, askari wataingia kwako wakati wowote wakitaka."

"Najua. Waache waingie, watakuta kabichi. Kizingiti nakipeleka uwanjani."

Miaka yote Henek alikuwa mtu wa mawe, akajua mara moja jiwe hilo litafanya kazi gani likilazwa pale. Akachukua mtaimbo.

Msidhani lilikuwa jambo jepesi. Jiwe lile lilikuwa limelika katikati kwa miguu ya bibi yake, ya mama yake, na ya marehemu mumewe, aliyezoea kuketi hapo akivua viatu. Lilipong'oka lilibakia shimo mlangoni, na Dorota alilitazama shimo hilo akalia. Kisha akajifuta uso, wakalipakia jiwe kwenye mkokoteni, wakalilaza topeni pale pale alipozoea kupanga kabichi zake.

Mwoka mikate aliwaona, akaenda kung'oa chake. Akafuata mfinyanzi, wakafuata washona viatu wa mtaa mzima, na hata yule padri akaleta kizingiti cha kanisa, akihema. Kufikia adhuhuri mji wote ulikuwa unagonga mawe. Hakuna nyumba iliyobaki na ulinzi, kila mlango ulikuwa wazi, na uwanja ulikuwa umefunikwa na vizingiti kutoka ukingo hadi ukingo.

Alasiri Vendelin alikuja na mafundi na askari wake. Alipita mbele ya nyumba ambazo sasa angeweza kuziingia zote, lakini ndani hamkuwa na mtu. Watu wa Lubena walikuwa wamesimama uwanjani, kila mmoja juu ya jiwe lake. Farasi wake alipoinua mguu ili akanyage jiwe la kwanza, Henek alisema kwa sauti ya kawaida tu, "Bwana mkubwa, hicho ni kizingiti."

Vendelin aliyatazama mawe. Akawageukia askari wake, nao walikuwa wamekwisha kuyatambua mawe ya mama zao, hakuna aliyesogea. Akakumbuka kiapo. Akapiga hodi, akiwa bado juu ya farasi. Maelfu ya watu, na hakuna aliyeitikia. Akapiga ya pili. Akapiga ya tatu. Dorota alisema baadaye kwamba maishani mwake hakuwahi kuupenda mji wake kama alivyoupenda katika kimya kile. Mtawala akageuza farasi, akarudi ngomeni.

Kesho yake alikuja peke yake, kwa miguu, kofia mkononi. Akasimama ukingoni akapiga hodi. Aliyekuwa karibu ni Dorota, akimchagulia mteja kabichi. Hakuinua macho. Alichagua, akafunga, akamuuliza mteja hali ya watoto, akaagana naye. Ndipo akasema, "Karibu. Angalia miguu, mawe hayajatulia."

Na tangu siku hiyo nyumba za Lubena zina vizingiti vya mbao tu, na uwanja wake una mawe yasiyolingana, kila moja limelika katikati. Mkuu yeyote akija, awe mfalme au meya, hushuka kwenye gari lake ukingoni, huvua kofia, hupiga hodi. Anayemkaribisha si ofisa. Ni muuza kabichi aliye karibu, na kama ana mteja, mkuu husubiri.