Mita ya Mlingoti

Serikali iliamuru kila kitu kipimwe kwa mita. Tajiri Khelef, muuza vitambaa na mnunuzi wa ukili wa mikeka, akacheka.

"Mita yangu ni hii!" alisema, akamwamuru hamali wake Mlingoti atanue mikono yake, mirefu kama makasia.

Ukili wa Bi Siwatu, mita arobaini alizosuka mwezi mzima, ukahesabiwa ishirini.

"Nimekubali, bwana," alisema Siwatu. "Ila neno hilo liandike mlangoni, wenzangu wasije wakakubishia."

Khelef akaandika upesi, kwa herufi kubwa: MITA YA DUKA HILI NI MIKONO YA MLINGOTI.

Siwatu akalisoma kwa sauti, mara mbili.

"Mlingoti mwanangu, usishushe mikono. Nipimie mita kumi za hariri ile, kwa bei ileile ya mita."

Nyuma yake, wanawake wa kijiji kizima walikwisha kupanga foleni.