Kindi na Mkonga Uliokufa Ganzi

Hapo kale, wanangu, kale ile ambayo wanyama walijenga nyumba na kualikana harusi, Tembo alikuwa akimwoza mwanawe wa kiume. Akaita majirani waje kutwanga mtama wa harusi, nao wakaja, maana jirani akikuita kinuni utakataaje?

Du! Du! Du! Walianza kwa wimbo, kama ilivyo desturi: ubeti ukiisha unampokeza mwenzio mchi, unakung'uta mikono, unakwenda kupepeta. Tembo akatoka barazani, masikio yamemsimama.

"Nyamazeni! Mnatwanga au mnacheza? Hakuna wimbo, hakuna kupokezana! Kila mtu na mchi wake mpaka jua lizame!"

Siku zikapita hivyo. Kindi, mama wa mtoto mchanga, akaanza kusikia sindano vidoleni, halafu ganzi, halafu kifundo cha mkono kikavimba, na asubuhi moja yuko juu ya tawi kampakata mwanawe, vidole vikaachia vyenyewe! Mtoto akateleza, Kindi akamdaka kwa meno!

Akamwendea Tembo. "Mzee, mkono unaniuma."

"Uvivu huo! Rudi kinuni."

Rafiki yake Digidigi akamnong'oneza, "Shoga, nyamaza, atakukanyaga."

"Na anikanyage! Mkono huu ndio unaomshika mwanangu. Siupotezi kwa mtama wa mtu."

Kesho yake akamkuta Tembo barazani.

"Shikamoo Mzee. Watu wa ukweni wamepita hapa wakicheka. Eti mkonga wako umelegea kama mlenda, hauwezi kumaliza kikapu kimoja."

"Nani? Mimi? Lete mchi!"

"Bila kupumzika, Mzee?"

"Kupumzika ni kwenu nyie vijidudu!"

Du! Du! Du! Jasho likamwingia Tembo machoni. Kila akiyafumba, Kindi anamimina mtama mwingine kikapuni, kimyakimya, na Digidigi kajiziba mdomo asicheke.

"Wewe Kindi, mbona hakiishi?"

"Kimebaki kidogo tu. Au umechoka, Mzee?"

"Nichoke mimi!"

Du... du... du... Mara mchi ukamponyoka, puu! juu ya mguu. Akataka kuuokota, mkonga ukaning'inia kama kamba ya kisimani. Akataka kunywa maji, yote yakamwagikia kifuani.

"Uwii! Mkonga wangu umekufa! Bibi harusi anakuja, nitampigiaje baragumu?"

"Haujakufa, Mzee. Umerudia jambo lile lile bila kuupumzisha, ndiyo maana. Dawa ninayo, ila ina mwiko."

"Sema upesi, mwanangu!"

Kumbe leo ni mwanangu!

"Mchi uuache kabisa. Mkonga ukandwe kwa maji ya vuguvugu, unyooshwe polepole, ukiuma usiulazimishe. Na mwiko wake ni huu: hapa uwanjani akitokea hata mmoja anayetwanga bila wimbo na bila kupokezana, ganzi inakurudia wewe."

Tembo akaruka, nchi ikatikisika.

"Imbeni jamani! Imbeni! Ngiri, mpokeze mwenzio mchi! Nyani, hebu kung'uta mikono! We Kindi, unafanya nini kinuni na kifundo kimevimba hivyo? Kaa chini, mtaniua!"

Kindi akakaa. Akakandwa mkono, akawa anachambua mtama taratibu kwa mkono mwingine, na uvimbe ukapungua kidogo kidogo. Siku ya harusi baragumu likalia, paaa! hata ndege wakahama miti, na mama Kindi akacheza ngoma na mwanawe kifuani, kamshika barabara.

Digidigi akamsogelea. "Shoga, mwiko ule ni wa kweli?"

"Mwulize Tembo," akasema Kindi. "Amewahi kuthubutu kuujaribu?"

Basi wanangu, kiungo kikilia kisikilizeni, msingoje kinyamaze.