Jinsi Baraza la Nzige Lilivyokaa Sakafuni

Siku ya Jumatano, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa Rajabu, mwaka wa 1187 wa Hijria, hapo zamani wafalme walipokuwa na nafasi ya kukutana kila mwaka ili wakubaliane kukutana tena, aliwasili mjini Ungamo fukara mmoja, jina lake Mwinchande bin Fumo Kitwana, ametumwa na watu wa Mchangamle.

Huko Ungamo palikuwa na Baraza la Nzige, lenye nchi sita wanachama. Mwanachama aliyewaona nzige aliwapasha wenziwe habari, nao wakawahi kuvuna. Mchangamle hawakupashwa neno, kwa kuwa Sultani Hamadi bin Ngwali wa Ungamo, mkuu wa baraza, alishikilia kwamba Mchangamle si nchi, bali ni ua wa nyuma wa nyumba yake. Mwaka uliotangulia nzige waliingia huko bila kuuliza kama ni nchi au ni ua, wakala mtama wote, na Mwinchande akazika watoto wawili wa dada yake kwa njaa. Sasa mtama ulikuwa unakomaa tena.

Basi baraza lilipokaa, Liwali wa Kirungu, mmoja wa wanachama, mtu mpole, akasimama akasema, "Seyyid yangu, tuwakaribishe watu wa Mchangamle wakae mlangoni tu, wasikilize." Huo ulikuwa mwaka wa nne kuyasema hayo, na kila mwaka baraza lilimshukuru sana, kisha likaenda kula.

Sultani akajibu, "Sheria yetu yajulikana. Chochote kitokacho Mchangamle hakitakuwamo ndani ya nyumba hii, kiwe mtu, kiwe neno. Umesikia, wewe mwenye viraka hapo mlangoni?"

"Nimesikia, Seyyid, na sheria ni nzuri mno. Nasikitika tu kwamba haina mtumishi. Niruhusu niitekeleze, kisha nitajitoa na mimi mwenyewe."

Wanachama wakacheka. Sultani naye, akipenda kuonekana mcheshi mbele ya wageni, akasema, "Ingia, mpumbavu wee! Naapa mbele ya hawa, asikuzuie mtu."

Basi Mwinchande akaingia, akaanza na dele la kahawa, akalitoa nje. "Buni ya kwetu," akasema kwa adabu. Kisha akawaomba mabwana wainue miguu, akakunja mikeka yote, maana ilisukwa Mchangamle. Pazia likafuata, na mito ya kuegemea. Ikawa wakuu wa nchi sita wamekaa sakafuni patupu, wakitazamana. Kwani kununua bidhaa za Mchangamle hakukuwa kumehitaji uanachama hata siku moja.

"Mali yangu hiyo!" Sultani akafoka. "Nimeinunua!"

"Kweli kabisa, Seyyid, nasi tuliilipia ushuru wa nchi za kigeni hapo langoni. Sijapata kumwona bwana mwingine anayetoza ushuru ua wake."

Liwali wa Kirungu akashikwa na kikohozi kirefu.

Mwinchande akasogea, akashika upindo wa joho la Sultani. "Na hili pia ni la kwetu."

"Liache!"

"Siwezi, Seyyid. Umeapa asinizuie mtu, nawe, Mungu akuweke, ni mtu."

Basi joho likatoka, kilemba kikatoka, kanzu ikatoka. Mkono wa Mwinchande uliposhuka tena, Sultani akapiga ukelele, "Basi! Basi! Wataka nini?"

"Nafasi ya mlangoni na masikio mawili. Mdomo tutauacha nyumbani."

Baraza likapitisha, kwa uzito mkubwa na bila kahawa, kwamba Mchangamle iwe msikilizaji asiye nchi. Ndipo mikeka ikarudi, na habari ya kwanza iliyosomwa ni kwamba nzige wameonekana kaskazini. Mwinchande hakungoja chakula. Akaenda mbio hadi kwao, na nzige walipofika wakakuta mabua matupu na mtama umekwisha kuingia ghalani.

Wako wasimulizi, hasa wa Kirungu, wanaodai kwamba Sultani alibaki uchi mbele ya wanachama. Huo ni uzushi, wala haifai kumsingizia mfalme. Alibaki na suruali, kwa kuwa suruali ile ilishonwa Kirungu, na Kirungu ilikuwa mwanachama tangu mwanzo.