Malkia Aliyeizuia Siwa

Sogeeni karibu, wakubwa kwa watoto, na mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana hii si hadithi ya kubembelezea mtu. Kila inaposimuliwa, watu huondoka wamenuniana.

Paliondokea mji ukiitwa Kitaluni, wenye mitaa mitatu isiyopendana: Juu, Kati na Chini. Mtaa wa Juu alikaa Shekuwe, msoma nyayo. Mtu apite juu ya mwamba, mvua inyeshe, jua liwake, Shekuwe angekwambia kapita lini na mguu upi ulikuwa unamuuma. Mtaa wa Chini alikaa Kombo, mchimba visima, mtu wa maneno machache. Akiugusa udongo kwa kiganja tu, alijua utashika au utaporomoka. Na mtaa wa Kati alikaa Vuai, mganga wa nyoka, ambaye watu walimcheka kwa mabuyu yake ya dawa mpaka siku walipoumwa.

Aliyewatawala wote hao ni Malkia Somoe, ambaye watu walimwita Mwana kwa heshima. Alikuwa bado hajaolewa, na msidhani aliichukia ndoa. Aliitaka, tena sana. Alichoka kula peke yake mbele ya watumishi waliosimama, na aliposikia vigelegele vya arusi kule mitaani alikuwa akifunga dirisha. Kilichomkwamisha ni siwa.

Siwa ni lile baragumu kubwa la pembe ya ndovu. Pale Kitaluni, bwana arusi asiyepigiwa siwa hakuhesabiwa kuwa ameoa, na maiti asiyepigiwa siwa alizikwa kama mtu asiye na kwao. Na desturi ilikuwa kwamba malkia akiolewa, siwa huhamia kwa mumewe, ikawa chini ya ukoo wa mume mpaka malkia afe. Bibi yake Somoe, naye malkia, aliolewa mtaa wa Juu. Siku moja mtaa wa Kati walifiwa, wakaenda kuomba siwa, wakaambiwa warudi kesho. Maiti hakai mpaka kesho. Ugomvi uliozuka hapo uliwaua watu wengi, na mmoja wao alikuwa baba yake Somoe, naye Somoe angali ananyonya. Magofu ya nyumba zilizochomwa yalikuwa bado yamesimama, na aliyaona kila alipofungua lile dirisha.

Basi asubuhi moja Somoe alitoka nje ya ukuta kwenda kuzuru kaburi la mama yake, na wanyang'anyi wa porini wakamteka.

Mji ulichanganyikiwa. Wazee wakakutana wakaahidi, bila kufikiri mara mbili, kwamba atakayemrudisha malkia ndiye atakayemwoa. Sasa, Kitaluni hapakuwa na mtaa uliokubali kusikiliza mpiga mbiu wa mtaa mwingine. Kwa hiyo walitoka wapiga mbiu watatu, na kila mmoja akautangazia mtaa wake ahadi ile kama vile ni ya mtaa huo peke yake. Wazee hawakuona ubaya. Haikuwahi kutokea watu wa mitaa mitatu wakashika njia moja, na hawakudhani ingetokea siku hiyo.

Ikatokea. Walikutana langoni, kila mmoja na lake, wakatazamana kwa chuki. Kisha wakaona jua linapanda, wakaondoka pamoja.

Shekuwe ndiye aliyetangulia. Mama yake alikuwa hoi kitandani, naye alimbusu mkono akamwambia anarudi upesi. Mvua ilikuwa imefuta kila kitu, lakini aliinama, akatambaa, akafuata jani lililovunjika na jiwe lililogeuzwa, mpaka akawafikisha kwenye pango ambalo mdomo wake ulikuwa na walinzi wenye mikuki. Aliporudi mjini, mama yake alikuwa amekwisha kuzikwa.

Walinzi hawakuweza kupigika, kwa hiyo zamu ikawa ya Kombo. Aliupapasa mlima kwa nyuma, akapata pahali penye udongo laini, akachimba. Somoe, aliyekuwa amefungwa kamba mle gizani, aliona udongo unamwagika ukutani, kisha ukatokea mkono. Hakujua ni wa nani. Aliushika tu, nao ukamshika kwa muda mrefu. Hakuwahi kuwa na amani kama ile, wala hakuipata tena. Alipokwisha kuvutwa nje, shimo liliporomoka, na jiwe likausaga mkono uleule wa Kombo. Ilibidi ukatwe.

Walipokuwa wakikimbia, Somoe aliumwa na nyoka kwenye kifundo cha mguu. Hapo Vuai aliyatupa mabuyu yote isipokuwa moja, akapiga magoti, akaifyonza sumu kwa mdomo wake, akampaka dawa. Malkia akapona. Lakini Vuai alikuwa na kidonda kwenye ufizi, naye alikijua tangu mwanzo. Sumu ilimpanda kichwani, na kabla mwezi haujaandama alikuwa kipofu.

Njiani walikula sinia moja, wakicheka, na Kombo alilishwa na Shekuwe kwa sababu ya maumivu. Walipoliona lango la mji, wakaacha kucheka. Kila mtaa ulikuwa umesimama upande wake unamsubiri mtu wake.

Hakikupita kitambo, mambo yakaharibika. Wa Juu walidai kwamba bila Shekuwe wale wawili wangekuwa bado wanazunguka porini. Wa Chini wakasema kufika mlangoni si kuingia ndani. Wa Kati wakauliza hao wenzao walitaka kuwaletea mji malkia au maiti yake. Kijana wa mtaa wa Chini akapasuliwa kichwa kisimani, na jioni yake akafa. Somoe aliusikia msiba kutoka dirishani.

Akawaita wazee na wale watatu barazani kwake.

"Nikiolewa," aliuliza, "siwa haiwezi kubaki hapa kwangu?"

Mzee Mwenyekae, mkubwa wa wazee, aliinamisha kichwa. "Mwana, mwenye mke ndiye mwenye siwa. Tukiivunja desturi kwa ajili yako, na hao waliokosa watavunja nini kesho?"

Shekuwe alisema kwamba mama yake alizikwa na wengine ili malkia azikwe uzeeni na wanawe. Vuai aligeuza uso kuelekea sauti zilikotoka. "Wewe hukuniahidi, Mwana," alisema, "lakini mimi niliahidiwa." Kombo hakudai chochote. Alimtazama tu, na Somoe akaona kwamba anajua. Moyo wake ulikuwa umekwisha kuchagua mle pangoni, na angelitaja jina moja tu, angekuwa mke wa mtu kabla ya Ijumaa. Na siwa ingekwenda Chini, kwa watu waliokuwa wametoka kumzika kijana wao na wanaomjua aliyemuua.

"Sitaolewa," alisema. "Si na hawa, si na mwingine yeyote, maisha yangu yote. Siwa itakaa hapa, na kila mtaa utapigiwa."

Wazee walipoondoka, Kombo alibaki nyuma.

"Na wewe mwenyewe je, Mwana?"

"Mimi ni malkia, Bwana Kombo. Nenda nyumbani."

Akaenda. Mji ukatulia, hilo hakuna anayelikana. Visu vilirudi alani, na watu wa mitaa mitatu wakaanza kuzikana. Lakini Shekuwe aliacha kusoma nyayo, akawa mtu wa kukaa kaburini kwa mama yake. Vuai alishikwa mkono barabarani na watu waliowahi kumcheka. Kombo alikaa miaka bila mke, mpaka ndugu zake wakamwozesha binti wa mtaa wao.

Siku ya arusi walikuja kuomba siwa. Desturi ilitaka mtawala aitoe kwa mikono yake mwenyewe. Somoe aliitoa, akawatakia heri, akarudi chumbani. Safari hii hakufunga dirisha. Aliisikiliza siwa ikilia mtaa wa Chini mpaka mwisho, na vigelegele baada yake, kisha akaagiza chakula kiletwe, akala peke yake.

Sasa semeni ninyi. Mmoja alimpata, mmoja akamtoa, mmoja akamponya, na kila mmoja alilipa asichoweza kurudishiwa. Ni nani aliyestahili kumwoa? Na malkia, alipowanyima wote watatu na kujinyima mwenyewe, aliutendea haki mji, au aliwadhulumu watu wanne? Usijibu kwa haraka. Kijana amelala kaburini na kichwa kimepasuka, wazee wanangoja, Kombo anakutazama. Je, ungekuwa wewe umekaa kwenye kiti kile, ungesema nini?