Kiti Kimoja cha Duka la Tele

Kaeni vizuri, kila mmoja mahali pake, maana hadithi hii inahusu watu waliokatazwa kukaa. Nisikilizeni mpaka mwisho, na asiwepo wa kunijibu kabla sijauliza.

Katika mji mmoja wa njia panda palikuwa na duka kubwa la kujihudumia, likiitwa Tele. Watu watatu walishinda humo zamu moja, kutoka saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni.

Wa kwanza ni Siwema, keshia, na Mungu alimpa pua. Mkate wa jana aliujua ungali ndani ya mfuko wake. Maziwa yaliyokuwa yakinuia kuchacha aliyatenga kabla hayajatimiza nia yao. Wenzake walimtania kwamba ndiyo maana hajaolewa tena, kwa kuwa hakuna mwanamume anayeweza kumficha alikopitia.

Wa pili ni Zamoyoni, binti wa kupanga rafu, na Mungu alimpa sauti. Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa sauti ya kutuliza ugomvi. Mteja aliyeingia na risiti mkononi na matusi mdomoni alitoka akimuuliza Zamoyoni hali ya mama yake.

Wa tatu ni Mzee Kobelo, mtunza stoo, naye alipewa mabega. Miaka kumi na minne alipokea magunia ya unga na katoni za mafuta, akaijua stoo yake kiasi kwamba umeme ukikatika hakupunguza hata mwendo. Ndiye aliyewafundisha kazi hao wawili wengine.

Kazi waliyoifanya ilikuwa ya watu saba. Wanne walipunguzwa mwaka uliotangulia, na kazi zao zikabaki. Siwema alipokea malipo, akafunga mizigo, na wateja wakipungua akapiga deki. Zamoyoni alipanga rafu, akakata nyama, akaokota vikapu mpaka barabarani. Mzee Kobelo alishusha lori peke yake.

Juu yao alikuwepo meneja, Bwana Mgaya. Hakuwa mtu wa kelele, tena alikuwa msafi wa nguo na mpole wa maneno. Ila aliamini kwamba mhudumu aliyekaa humfukuza mteja, kwa hiyo akaviondoa viti vyote vya kaunta. Aliamini kwamba mfanyakazi akiachiwa mlango wa nyuma ataiba, kwa hiyo akautia kufuli, na ufunguo akatembea nao. Akabandika ukutani amri tatu. Keshia asiondoke kwenye kaunta iliyo wazi. Mhudumu asipaze sauti mbele ya wateja. Mlango wa nyuma usiguswe. Amri ya nne hakuibandika, aliisema tu siku ya mshahara alipokuwa akigawa bahasha: anayemtajia mwenzake mshahara wake, kazi hana.

Sasa mjue jambo moja kuhusu Siwema. Juu ya kifundo cha mguu wake wa kushoto palikuwa na kidonda cha mwaka mzima. Kila asubuhi alikifunga kitambaa safi, na kila jioni kitambaa kilikuwa kimelowa. Muuguzi alimweleza bila kumficha kwamba dawa si tatizo. Tatizo ni kusimama. Kidonda hakitafunga ikiwa damu inashinda miguuni saa kumi na mbili, na kikifika mfupani hakutakuwa tena na maneno ya dawa. Siwema akaandika barua kuomba viti, wenzake wakatia saini. Wakaandika ya pili. Ya tatu Bwana Mgaya aliirudisha ikiwa imesahihishwa makosa ya nukta na mkato kwa wino mwekundu, bila jibu.

Ikafika Jumamosi moja ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana, duka limejaa. Bwana Mgaya alikuwa ameenda kula, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Siwema alinusa. Alikuwa amefungua droo ya fedha amrudishie mteja chenji, akasikia harufu ya waya unaoungua, nyembamba kama uzi, ikitoka nyuma ya jokofu la aiskrimu lililokuwa mlangoni. Hakuna mwingine aliyeisikia. Aliangalia droo iliyo wazi, akaangalia amri ukutani, akaondoka. Alilivuta jokofu, akakuta moto umekwisha kuingia kwenye dari. Akamwambia Zamoyoni neno moja: moto. Dakika mbili baadaye mlango wa mbele ulikuwa pazia la moshi na miali.

Zamoyoni alisema. Watu ishirini na sita walikuwa wameanza kusukumana kuelekea ule mlango unaowaka, kwa sababu ndio walioingilia. Mwanamke mmoja alikwisha kuanguka. Zamoyoni akapanda juu ya kreti la soda na kupaza sauti, lakini maneno yake aliyatoa polepole, kama anayewaonyesha wageni chumba cha kulala. Alimtaka kila mmoja amshike mkono aliye karibu naye. Akawataka waifuate sauti yake. Moshi ulipozidi hawakumwona tena, ila walimsikia, na hakunyamaza mpaka mtu wa mwisho alipofika stoo.

Mzee Kobelo alisukuma. Alikwisha kuona kwamba watu wanaletwa kwake, na kwake kuna mlango usiogusika. Alipakia magunia manane ya unga kwenye toroli gizani, kwa kupapasa tu, akarudi nyuma hatua kumi, akalikimbiza toroli kwenye mlango. Mara ya kwanza kufuli ilicheka. Mara ya pili akaongeza bega lake juu ya toroli. Mara ya tatu mlango ulikwenda na fremu yake, na kitu kikalia mgongoni mwake kama kijiti kikavu. Watu ishirini na sita walitoka. Hakufa hata mmoja.

Mpaka hapa mngedhani ni hadithi ya furaha. Subirini.

Mwenye duka, Bi Salha, aliishi mbali. Alisikia habari, akampigia simu Bwana Mgaya kusema kwamba watu hao watatu wapewe wanachokiomba, kisha akarudi kwenye shughuli zake. Siku ya tisa duka lilifunguliwa likinuka rangi mpya, na Bwana Mgaya akawaita ofisini.

Aliwapa kwanza bahasha. Ndani yake hamkuwa na fedha, bali barua za onyo. Ya Siwema ilikuwa kwa kuacha kaunta na droo wazi. Ya Zamoyoni ilikuwa kwa kupiga kelele mbele ya wateja. Ya Mzee Kobelo ilikuwa kwa kuharibu mlango, na thamani ya mlango ingekatwa kwenye mshahara wake kidogo kidogo kwa miezi kumi.

Ndipo akawaonyesha kiti. Kilikuwa kiti kirefu cha bluu, chenye mgongo na pahali pa kuwekea miguu, bado kimevikwa nailoni. Siwema alikitazama, na mguu wake ukauma kwa namna mpya, kama mtoto anayeanza kulia baada ya kumwona mama yake.

“Mama mwenye duka amesema mpewe mnachokiomba,” Bwana Mgaya alisema. “Mliomba kukaa. Mteja akimkuta mmoja amekaa, atamhurumia. Akiwakuta watatu, atadhani kituo cha afya. Kwa hiyo ni kimoja.”

Siwema alisema kwa heshima kwamba basi watapokezana.

“Hapana. Kitaandikwa jina. Asiye na jina akikikalia, kinarudi kilikonunuliwa. Chagueni wenyewe, mimi sitaki kuonekana nimependelea. Saa kumi na mbili kasoro nitakuja. Mkishindwa, nitajua hamkukihitaji.”

Walipogeuka kutoka, aliwarudisha kwa upole. Alisema anajua watapimana shida, na ni vizuri wapimane kwa haki. Akafungua daftari, akawasomea mishahara yao. Zamoyoni, mwenye miezi minane kazini, laki tatu na nusu. Siwema, mwenye miaka sita, laki mbili na nusu. Mzee Kobelo, laki mbili. Kisha akawatakia kazi njema.

Wakaenda stoo. Siku ya kuajiriwa kila mmoja aliulizwa anataka kulipwa kiasi gani. Mzee Kobelo aliinamisha kichwa na kujibu, “Chochote utakachonipa, bosi,” kwa kuwa ndivyo alivyofunzwa kwao kumjibu mkubwa. Siwema alijibu hivyo hivyo. Zamoyoni alitaja kiasi. Hakukuwa na tofauti nyingine yoyote kati yao. Mzee alikuwa amelipia adabu yake miaka kumi na minne.

“Hukusema hata siku moja,” Siwema alimwambia Zamoyoni.

“Na wewe uliniambia chako, dada?”

Mzee Kobelo alijaribu kuwapoza. Alisema mtego huu hata panya anauona, na kwamba wakikikataa kiti wote watatu, Mgaya atabaki na nailoni yake. Zamoyoni akasema Mgaya atafurahi, maana atakuwa ameokoa bei ya kiti na kuripoti kwamba hawakitaki. Siwema aliutazama mguu wake. Alikuwa anawaza kwamba wao wanaweza kukataa, kwa sababu mifupa yao haijaanza kuoza. Wazo hilo lilimtisha, lakini hakulifukuza.

Basi wakaanza kupimana.

Siwema alisema kwamba bila pua yake wangeungua wakiwa bado wanapanga vikapu. Akafungua kitambaa, akawaonyesha mguu. Wenzake walikuwa hawajawahi kuuona. Harufu iliwafikia, na Zamoyoni akageuza uso.

Zamoyoni alisema anasikitika, lakini pua ni ya kuzaliwa, hata paka angenusa. Kunusa hakukumtoa mtu. Watu walikuwa wanakimbilia motoni, na aliyewageuza ni yeye, akimeza moshi ambao mwenye mimba hapaswi kuumeza. Akalitaja hilo la mimba kwa sauti ya chini. Ilikuwa na miezi minne, na tangu siku ya moto aliona damu mara mbili. Daktari alimwambia alale. Angelala wapi?

Mzee Kobelo alisema pua imewaambia na sauti imewaleta, lakini mlango ulikuwa umefungwa. Wangefia miguuni pake wakiwa wameshikana mikono vizuri. Toka siku ile hawezi kuinama kufunga kamba za viatu. Mkewe ndiye anayemfunga.

“Babu, wewe una magunia,” Zamoyoni alisema. “Kalia magunia.”

“Kamera ile pale inaangalia magunia, mwanangu.”

“Basi kiti cha nini kwa mbeba mizigo? Mgaya akikuona umekaa, atauliza lori litashushwa na nani.”

Neno hilo lilikuwa kweli, na lilimwingia Mzee. Akageuka, akaanza kupanga katoni zilizokuwa zimeshapangwa.

Tumebaki wawili, Siwema aliwaza, na akashtuka kuona jinsi alivyohesabu haraka. Zamoyoni alikuwa mdogo wake wa hiari. Usiku ule wa kwanza wa damu alimpigia Siwema, hakumpigia mama yake. Siwema peke yake alijua kwamba mkataba wa Zamoyoni unaisha mwezi ujao, na kwamba Mgaya hajawahi kumwongezea mkataba mwanamke mwenye mimba. Alilijua hilo kama anavyojua mkate wa jana. Akalisema kwa sauti tulivu, karibu ya huruma:

“Jina lako likiandikwa, Zamo, atauliza unaumwa nini. Utamwambia?”

Zamoyoni alimtazama muda mrefu.

“Nikinyamaza mimi, wewe ungemwambia, dada?”

Siwema alitaka kusema hapana. Alitafuta lile hapana, na alipochelewa kulipata Zamoyoni alikwisha kulisikia jibu. Binti alishika tumbo lake kwa mkono mmoja, akaenda kusimama upande wa pili wa stoo. Mzee Kobelo, bila kugeuka, alisema kwamba watu ishirini na sita waliwatoa wakiwa wameshikana mikono, na wao watatu wameshindwa na kiti. Walirudi kazini, na mchana wote kila mmoja alisimama pahali pake asimtazame mwenziwe. Bwana Mgaya aliwatazama kupitia kioo cha ofisi, akinywa chai.

Saa kumi na mbili kasoro alikuja na kiti na kalamu ya wino mzito. Aliivua nailoni, akakifuta kiti vumbi ambalo halikuwapo, akakigeuza ili mgongo wake uwe tayari kuandikwa. Siwema alisimama kushoto, uzito wote kwenye mguu mzima. Zamoyoni alisimama kulia, aproni amejifunga chini zaidi ya kawaida. Mzee Kobelo alisimama katikati, ameshika rafu ili asipinde.

“Jina,” alisema Bwana Mgaya.

Hadithi yangu inaishia hapo, kwa sababu hakuna aliyesema. Yako ndiyo inaanza. Usiniambie kwamba yeye ni mbaya, hilo hata mtoto aliyelala amelisikia. Usiniambie wangepokezana, walikwisha kuomba. Wala usikimbilie kusema wakikatae wote mpaka uwe umekifunga kile kidonda kwa mkono wako mwenyewe.

Pua iliujua moto, sauti iliwageuza watu, mabega yaliuvunja mlango. Toa moja, na ishirini na sita wanakufa. Mguu unaoza, mtoto anatoka, mgongo umevunjika. Nimekukabidhi kalamu, na wino haufutiki. Je, utaandika jina la nani? Na ukimaliza kuandika, wale wawili waliobaki wamesimama, utawatazama na kuwaambia nini?