Mlango wa Kumtoa Mama

Hapo zamani, na si zile za sungura na fisi, nasema hizi za juzi tu, magodoro ya sufi yalipokuwa bado yana wateja, palikuwa na mwanamke pale Muheza aitwaye Mwantumu. Kazi yake ilikuwa kushona magodoro. Watu walisema ukililalia godoro la Mwantumu jogoo hakuamshi. Yeye mwenyewe alilala kwenye mkeka, ndani ya chumba cha kupanga, yeye na mumewe Mhina, fundi baiskeli, na nyuma ya pazia mama yake mzazi, Bibi Kidawa.

Kupanga si aibu. Wengi wenu hapa mmezaliwa kwenye vyumba hivyo, na mimi ni mmojawapo. Lakini Mwantumu alikuwa na jambo lake lililomkaa rohoni. Baba yake alipofariki, mwenye nyumba wa siku zile alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akasema, "Nimepangisha watu, sikupangisha msiba. Maiti haitatokea kwangu." Basi mzee wa watu, kwenda kaburini, akatokea kwenye ua wa jirani ambaye hata salamu walikuwa hawajazoeana. Matanga yalipoanuliwa, Bibi Kidawa akamwuliza bintiye, "Na mimi, mwanangu, nitatokea wapi?"

Mwantumu akamjibu, "Utatokea kwangu, mama. Mlangoni kwangu."

Hilo tu. Hakutaka ghorofa, hakutaka sebule ya makochi. Alitaka mlango wa kumtoa mama yake siku ikifika, na ua ambamo watu watakaa walie bila mtu kuwaangalia kwa jicho baya. Akashona miaka na miaka, sufi ikimwingia puani na machoni. Huku nyuma Bibi Kidawa akazidi kuzeeka, kifua kikaanza kumbana.

Hatimaye nyumba ikapatikana. Mzee mmoja, Ngereza, aliyefiwa na mkewe, alitaka kuhamia kwa binti yake Korogwe. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili, baraza, bati lililoanza kushika kutu na jiko la nje. Wakakaa, wakazungumza, wakapatana. Bei msiniulize, maana si bei iliyoleta matata. Iliyoleta matata ni mipaka.

Katika mtaa ule, nyumba haikuwa yako mpaka uitembee. Muuzaji anatangulia, mnunuzi anafuata, na majirani wa pande zote nne wapo. Mnasimama kila kona, jirani anasema, "Naam, ni hapa," mnakwenda kona nyingine. Jirani mmoja akikosekana, hamtembei. Mzee Ngereza naye akaongeza lake.

"Nitatembea na wewe mwenyewe, binti. Simtaki mumeo, simtaki ndugu yako. Nimeona nyumba ya mwanamke ikikabidhiwa mume, na mwaka haukuisha, mwanamke yuko nje na mke mwenziwe yuko ndani."

Mhina akacheka, akasema yeye neno hilo halimwumi. Mwantumu alimshukuru mzee mpaka akalengwalengwa na machozi.

Wakapanga Jumatatu. Jirani wa upande wa sokoni akawa amesafiri. Wakapanga Alhamisi. Jirani wa upande wa reli akasema mpera wa mpakani ni wake, hatembei mpaka limalizwe hilo la mpera. Likamalizwa. Wakapanga tena, jirani wa tatu akafiwa na shemeji. Kila mara mzee anasema kesho kutwa, na kila kesho kutwa inakuja na lake.

Mwantumu akaanza kuharibika. Kila asubuhi alipita njia ya mbali ili aitazame tu ile nyumba, kama ipo. Ilikuwepo, nyumba itakwenda wapi? Godoro moja akalishindilia sufi ya magodoro mawili, mteja akawa akilala anaviringika hadi sakafuni. Jingine akalishona mdomo kabla halijajaa. Mtu akibisha hodi, aliacha sindano akakimbilia mlangoni.

"Mhina, na mzee akighairi?"

"Hataghairi."

"Na akifa?"

"Mzee yule ana afya kuliko mimi."

"Na mimi nikifa?"

Mwantumu akaacha kula, kwanza nyama, halafu mboga, halafu akawa anakunywa uji tu, tena kwa kuombwa. Nimesikia watu wakiugua kwa kukosa nyumba, ila huyu aliugua kwa kukaribia kuipata.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana ndipo mambo yanapoanza.

Mhina alimpenda mkewe. Siku moja mchana, dalali mmoja alimfuata pale kwenye baiskeli zake akamnong'oneza, "Kuna mfanyabiashara wa mpunga anaitaka ile nyumba. Kaja kwa mzee mara mbili. Mzee kasema ameshatoa neno, lakini siku ya mipaka mkeo asipotokea, neno limekwisha." Mhina akarudi nyumbani nalo moyoni. Mwantumu akamwuliza, "Kuna jipya?" Mhina akamtazama mashavu yaliyobonyea, akasema, "Hakuna. Mzee hana haraka kabisa." Siku hiyo Mwantumu alikula nusu sahani ya ugali, na Mhina akaona uongo wake umefanya kazi njema.

Mashavu alimpenda mdogo wake. Huyu ni dada yake Mwantumu, aliyeolewa kule juu Amani kwenye mashamba ya chai. Alikuja kuwasabahi, akamwona ndugu yake, akapiga yowe. "Mdogo wangu, umebaki macho! Nyumba hiyo unataka uingie umebebwa? Twende kwangu ukapumzike wiki moja." Kisha akamgeukia Mhina. "Shemeji, mzee ana haraka?" Mhina akamtazama mkewe, akakumbuka ile nusu sahani.

"Hana," akasema.

Basi Mwantumu akapanda Amani. Kule kuna ubaridi na ukungu, na hakuna mtu anayezungumza habari za mpera. Siku ya kwanza alikula. Siku ya pili alicheka. Siku ya tatu, Jumatano, alilala mchana, usingizi wa haki, kinywa wazi. Hapo ndipo dereva wa lori la majani ya chai alipoleta ujumbe wa Mhina: majirani wote wanne wamepatikana, ni Ijumaa baada ya swala, Mwantumu ateremke na lori hilihili.

Mashavu akasukuma mlango, akamwona mdogo wake amelala. Mikono ile, ambayo miaka yote ilikuwa ikishona, ilikuwa imetulia juu ya shuka. Akarudisha mlango taratibu, akamwambia dereva, "Wewe nenda. Atateremka kesho."

Alhamisi mbingu zilifunguka. Mvua ilinyesha milima yote, barabara ikakatika, na hakuna lori lililoshuka. Ndipo Mashavu alipomwambia habari za ule ujumbe. Mwantumu alijifunga kanga kichwani akatoka kwa miguu, na dadaye nyuma yake akilia, wakateleza na kuinuka, wakakuta daraja limekwenda na maji, wakangoja kwa watu wasiowajua hadi maji yapungue. Walifika Muheza Jumamosi, jua limeshapanda.

Alikwenda kwenye nyumba kwanza, kabla hata ya kwenda kwake. Barazani palikuwa na magunia ya mpunga. Mzee Ngereza alikuwa anafunga kamba sanduku lake la safari, na alipomwona akainamisha kichwa.

"Imepita, binti," akasema. Akaendelea kufunga kamba.

Njiani kurudi nyumbani walikutana na Mhina, na mambo yote yakatoka. Mhina alisema aliyoyaficha. Mashavu alishasema yake kule darajani. Mwantumu akawaambia, "Mmeniua kwa huruma zenu." Tangu siku ile alimpa mumewe chakula bila kumtazama, na dadaye akamwacha arudi Amani bila kumsindikiza.

Wiki tatu zikapita. Kifua cha Bibi Kidawa kikaziba, akawa anapumua kwa shida. Mwenye nyumba wao, mama mmoja anayejua kusema kwa upole, akabisha hodi asubuhi. "Mgonjwa wenu mpelekeni hospitali mapema, jamani. Mnanielewa." Wakamwelewa. Hakutaka afie pale.

Wodini, Mwantumu alikaa ubavuni mwa kitanda akimpepea mama yake kwa upindo wa kanga. Bibi Kidawa akafumbua macho.

"Mwanangu, umewanunia mumeo na dada yako."

"Walininyima nyumba, mama."

"Hawakukunyima wao." Akangoja apate pumzi. "Ile Ijumaa nami nilikwenda. Nilitaka nikuone ukitembea mipaka. Hukuja. Mzee Ngereza akatazama wingu la milimani, akaniambia, 'Najua kilichomzuia. Nitamngoja hadi Jumapili, bibi.' Mimi ndiye niliyemwambia asingoje. Nilimwambia, 'Muuzie yule wa mpunga. Nyumba hii inamla mwanangu. Mlango anaununua kwa ajili yangu, nami nauacha.' Nikamwomba asikwambie."

Mwantumu akaacha kupepea.

Bibi Kidawa alimpenda mwanawe. Sijui kama hilo nalo linahitaji kusemwa. Akanyoosha mkono, akasema, "Niwie radhi, mwanangu."

Na Mwantumu, ambaye kwa miaka yote hakulala na kisirani na mama yake hata siku moja, alishindwa kutamka neno la radhi. Miaka yake yote ya sindano na sufi, na aliyeitupa ni yule yule aliyekuwa akimshonea. Akachukua chupa, akasema, "Nakuletea maji," akatoka. Pale bombani palikuwa na foleni ndogo. Aliporudi na maji, muuguzi alikuwa ameshamfunika mama yake uso.

Bibi Kidawa aliondoka wodini akaoshwa kwenye chumba cha hospitali, na kutoka chumba kile akaenda makaburini. Hakutokea mlango wa nyumba ya mtu yeyote. Wanawake wakakaa kulia kwenye ua wa kuazima, mikeka ya kuazima.

Siku ya hitima Mzee Ngereza alikuja kutoka Korogwe. Watu walipokwisha kula na kutawanyika, wakabaki wanne: Mwantumu, Mhina, Mashavu na mzee. Mwantumu akaeleza mama yake alivyosema, mbele ya wote.

Mhina akasema, "Usimweke mama ndani ya kosa hili. Ni langu. Ningekwambia habari za yule mwenye mpunga, usingepanda Amani. Nilitaka ulale."

Mashavu akasema, "Hata alipopanda, Jumatano njia ilikuwa kavu. Lori lilikuwa mlangoni kwangu linanguruma. Ningemwamsha, angefika na siku moja zaidi. Kosa ni langu. Sikuwa na moyo wa kumwamsha."

Mzee Ngereza akasema, "Nanyi mnajisifu kwa makosa. Siku ile mume alisimama mbele yangu, akaniambia, 'Mzee, nitembee kwa niaba yake.' Majirani wote wapo. Nikakataa, kwa kushikilia neno langu la kumlinda binti huyu. Halafu mama yake akaja, nikakubali kuiuza kabla sijamsikia mwenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo mkononi."

Mwantumu akawatazama mmoja mmoja. Machozi yalimtoka, hakuyafuta.

"Na mimi?" akasema. "Ningejua kula na kulala kama watu wengine wanaosubiri nyumba, nani kati yenu angenidanganya? Nani angenihurumia? Mama aliniona nakufa mbele ya macho yake kwa ajili ya mlango wake. Mimi ndiye niliyemwonyesha. Akaniomba neno moja, nami nikaenda kuchota maji."

Mashavu alitaka kumshika mkono, Mwantumu akausogeza, halafu akaurudisha ushikwe. Hivyo ndivyo walivyokaa hadi wenye ua wakaja kukunja mikeka yao.

Hadithi yangu mwisho wake ni hapo, na wala si mwisho, maana kila ninapoisimulia watu wanagombana. Pangani wanaume walisema ni Mhina, mume hamfichi mkewe. Handeni wanawake wakasema ni Mashavu, eti usingizi hurudi, nyumba hairudi. Bibi mmoja aliniambia ni Mzee Ngereza, akanitolea na sonyo. Kuna msichana aliyesema ni Mwantumu, halafu akalia, nikamwuliza kulikoni, hakuniambia. Jina la Bibi Kidawa mwenyewe watu huliogopa, kwa kuwa hayupo kujitetea, lakini nimewasikia wakilitaja wakiwa njiani kurudi makwao.

Mimi sina la kuwaambia. Kila mmoja wa hao watano alishika kipande cha lile jambo, na kila mmoja alikishika kwa kupenda. Basi nyinyi mnaoelewa mapenzi kuliko mimi, jibuni: nani aliyeufunga mlango wa Bibi Kidawa? Na kama Mwantumu ana radhi moja tu iliyobaki moyoni mwake, ampe nani?