Tembo Aletewa Vilivyo Vyake

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Shamba la migomba!

La nani?

— La Tembo!

Ngojeni kwanza, hapo ndipo ulipo ugomvi wenyewe. Nisikilizeni mimi, niliyeacha shule darasa la nne kwa sababu mwalimu aliishiwa na la kunifundisha.

Migomba ya Tembo ilikuwa imedumaa mpaka majirani walipoilisha. Nungunungu akachimba shimo. Kindi akabeba maganda ya ndizi alizokula Tembo. Kanga akachakura kinyesi cha Tembo, paru! paru! paru! Vyote vikaozea shimoni, vikawa mbolea. Desturi ilikuwa hii: aliyejaza shimo, siku ya mavuno hupewa chane yake ya ndizi.

Mavuno yakafika. Tembo akaingiza mikungu yote nyumbani, akasimama mlangoni.

"Chane gani? Shamba langu, ndizi zangu, maganda yangu. Hata kinyesi ni changu!"

Kanga akalia. Nungunungu akasimamisha miiba. Kindi, aliyeacha watoto watatu nyumbani hawajala tangu jana, akainama.

"Kweli, Bwana Mkubwa. Tumekukosea. Chako tutakurudishia."

"Umerogwa wewe?" Nungunungu akanong'ona.

"Beba, shemeji. Beba tu."

Wakabeba maganda mpaka mlangoni kwa Tembo. Pwaa! "Chako, Bwana." Wakabeba kinyesi mpaka mlangoni. Pwaa! "Chako, Bwana." Tembo akaenda haja kando ya mto, akarudi ndani; wakamletea kingali moto. Pwaa! "Chako, Bwana."

Nzi wakaja, vuuu! Jua lilipotua, mlango haukufunguka kwa lundo lile. Kulipokucha, mkonga ukachungulia dirishani.

"Kindi, ndugu yangu, ondoeni!"

"Tukuibie mali yako? Sisi si wezi."

"Basi nawapeni bure!"

"Bure hatutaki. Tunabeba kwa chane, kama zamani. Na chane itangulie."

Tembo akapiga chafya, akasukuma mkungu dirishani. Wa kwanza, tii! Wa pili, tii! Wa tatu, tii! Kindi akamega chane, mbio mpaka nyumbani. Watoto wakala, wakanyamaza, wakalala matumbo yamejaa ndii. Hapo naye akashusha pumzi, fyuuu, akaketi. Kisha akarudi kubeba mbolea na wenzake.

Hadithi yangu imefika mwisho. Asiyeamini akanuse mwenyewe. Na funzo lake, watoto, ni adabu: msibishane na mkubwa. Mtiini. Mtiini zaidi. Mtiini mpaka awasihi mkome.